Sanduku la babu: lebo zimeongea, bungua bado kesi

Mambo yamesogea sana. Sanduku hili la marehemu babu (mbao nyembamba, juu turubai lililopakwa rangi nyeusi, mikanda ya mbao na kona za chuma) limekaa Tororo, Uganda, kwa shangazi miaka yote na ukoo mzima ulikua unasema ni la mzungu flani alimwachia babu, basi. Sa nilipopitisha brashi laini pale ubavuni, kavu kabisa bila maji maana maji yangeachisha gundi, vumbi likatoka taratibu zikaonekana lebo mbili zimepandana. Ya juu E.A.R. & H., ya chini kimebaki kipande tu lakini K.U.R. & H. inasomeka, na mwisho wake herufi "ROTI".

Hapo niliruka! K.U.R. & H. ndo ile reli ya Kenya na Uganda kabla haijaunganishwa na ya Tanganyika 1948, alafu E.A.R. & H. ndo jina lililofuata mpaka 1969. Kwa hio sanduku lilipanda treni kabla ya 1948 na likaendelea kusafiri baadae. Na hio "ROTI" ni nini kama sio Soroti, ile njia inayotoka hapa Tororo kupitia Mbale, ilifika kule 1929. Nikampigia shangazi, akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, baba alianzia kazi Soroti, karani wa mizigo, mimi mwenyewe nilizaliwa huko." Mimi naamini kabisa lilikua la babu mwenyewe, alilinunua kwa jasho lake, na hii habari ya mzungu tuiache.

Bitana ya ndani ni kurasa za gazeti la Uganda Argus. Gazeti lilianza 1955, kwa hio bitana imebandikwa baadae, na shangazi anakumbuka bibi akipika uji wa ngano wa kubandikia. Siibandui.

Fundi mmoja wa fanicha alikuja kuliona akasema, "Boss, nipe siku mbili, napiga msasa napaka vanishi, linakua jipya." Najua alikua na nia nzuri lakini nimekataa, msasa ukipita hapo lebo hakuna, na bila lebo tunarudi kwa hadithi ya mzungu.

Shida kubwa sasa ni bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao. Kuna vitundu chini na unga mweupe unadondoka. Dawa ya kupuliza sitaki, inaweza kuharibu karatasi. Jamaa yangu anauza samaki, ana friza kubwa la kulala linaloshuka digrii 18 chini ya sifuri, amenipa nafasi. Nimelifunga na nailoni nzito, nikaziba kila mahali na seloteipu, litakaa wiki mbili. Likitoka halifunguliwi mpaka baridi yote iishe, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye karatasi. Alafu nitaliweka juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta, na karatasi nyeusi chini yake, unga mpya ukionekana nitajua wadudu bado wako hai na litarudi frizani.

Kutu ya kona nitaisugua na stilwaya laini kabisa, kavu, alafu nta kidogo. Ufunguo ulishapotea zamani, kuna fundi wa Katwe, Kampala, anachonga funguo kwa mkono, tumeelewana kitasa haking'olewi, atakuja kupimia hapo hapo sanduku likishatoka kwenye baridi.