Landrova ya Majengo

Jana jioni umeme ulikatika huku Nkuhungu, Dodoma, nikakosa la kufanya, nikashusha kabatini boksi la magari yangu madogo. Moja ndilo nililolishika muda mrefu: Land Rover Safari ya Matchbox, namba 12, rangi ya buluu, mizigo ya kahawia juu ya keria. Niliipata Majengo, kwa muuza mitumba aliyemwaga midoli kwenye turubai. Aliniuzia kwa bei ya maandazi, akauliza mtoto ana umri gani. Nikamjibu bado mdogo.

Toleo hili lilitoka mwaka 1965 katika kiwanda cha Lesney, London. Jack Odell wa kiwanda hicho alikuwa na binti ambaye shuleni kwake waliruhusu midoli inayoenea ndani ya kiberiti tu, akamtengenezea kigari cha kushindilia barabara. Magari ya Matchbox, yaani boksi la kiberiti, yakaingia sokoni mwaka 1953.

Nikaimulika kwa tochi ya simu. Ubavuni una mstari mwembamba kama uzi, pale vipande vya kalibu vilipokutana wakati aloi ya zinki iliyoyeyushwa ikisukumwa ndani. Chini hakuna skrubu hata moja. Ni ribiti zilizopondwa, ukitaka kuifungua lazima utoboe kwa drili. Jirani yangu fundi pikipiki kila akiiona anataka kuipiga rangi. Simpi ng'o. Rangi imebanduka kwenye pembe za paa, vidole viliposhika. Aliyekuwa nayo aliiendesha kweli. Wakusanyaji wengine hulipia zaidi gari lisilotoka kwenye boksi lake, shauri yao.

Kinachonichekesha ni ile mizigo. Mabegi yamepangwa nadhifu mno! Landrova tulizopanda kwenda Kondoa kabla ya lami zilibeba magunia ya karanga, kreti za soda, baiskeli, mbuzi aliyefungwa miguu, na juu ya yote utingo amejifunika kanga usoni. Mama alitufunga vitambaa puani tangu stendi, na bado tulishuka Kolo, kijiji cha huko Kondoa, nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi.

Kwa hiyo nimekata vipande vya gunia, nimevijaza mchanga, nitavifunga kwa uzi juu ya hayo mabegi, bila gundi. Baiskeli nitaikunja kwa waya. Mbuzi ndiye sijajua nitamtengeneza kwa nini.