Siku yangu na kanda za Kigwich'in

Saa mbili asubuhi naingia kazini. Disemba hapa Fairbanks, Alaska, jua linachomoza karibu saa tano na kuzama kabla ya saa tisa, kwa hiyo naja gizani na kurudi gizani. Kazi yangu ni kuvaa vifaa vya masikioni, kusikiliza kanda za wazee na kuandika wanachosema. Mama yangu, aliyeko Tanga, huniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, wanakulipa usikilize redio?"

Kigwich'in ni moja ya lugha za Kiathabaska, ukoo wa lugha za wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini; ni ya kaskazini-mashariki mwa Alaska na ng'ambo ya mpaka, Kanada. Wanaoijua vizuri wamebaki mia chache, wengi wao wazee. Mimi naandika rasimu tu. Mwenye lugha ndiye anayesahihisha.

Saa tatu mpaka saa tano: dakika chache za kanda, na hiyo ni asubuhi nzuri. Sisi Waswahili tunaanza na mtaji kidogo, maana th, dh na gh tunazo. Mtaji unaishia hapo. Kuna ł: ulimi unakaa kama wa l, lakini inayotoka ni pumzi tupu ikipita pembeni. Ndiyo ya łuk, samaki. Kuna k' na t', unabana koo kisha unaachia sauti ipasuke. Kuna irabu za puani, zenye kijimkia chini, kama za łaįį, mbwa. Toni ya chini nayo ina mkwaju wake juu ya irabu. Kanda ikiwa na jiko la kuni linalopasuka nyuma ya msimulizi, kijimkia kimoja kinanila nusu saa.

Saa sita kasorobo simu inalia. Jamaa mmoja anauza vikombe kwa watalii. Anataka neno moja la Kigwich'in, "nichukue", achape kwenye vikombe, na analitaka kabla ya chakula cha mchana.

Nikamweleza. Katika lugha hizi kitenzi cha kushika au kuchukua hufuata umbo la kitu: kirefu kama fimbo kina chake, kitu laini kama nguo kina chake, chombo chenye kitu ndani kina chake.
"Kikombe," akasema.
"Kitupu au chenye kahawa?"
Kimya. Kisha akauliza kama nafanya mzaha.

Nikamwambia hata nikipata jibu, si langu kuliuza. Aongee na Wagwich'in wenyewe. Akasema hilo atalishughulikia baadaye, nimpe tu neno. Halafu: "Na vile vialama uviondoe, mashine yangu haivichapi." Hapo nilihema. Tahajia hii imehangaikiwa. Robert McDonald, mmisionari, alitafsiri Biblia nzima ikachapishwa 1898, lakini maandishi yake yalichanganya sauti ambazo mwenyeji hazichanganyi. Miaka ya 1960 Richard Mueller akaunda tahajia inayozitenga. Leo mtu anataka izimwe kwa ajili ya kikombe! Tuliongea, tukarudia, tukaongea tena. Akaniuliza mwishowe lugha yangu mwenyewe kama haina vialama, achape hiyo. Nikamtajia ng'ombe.

Chakula nilikula kimeshapoa.

Mchana, sikumbuki saa ngapi, nikampigia bibi yetu wa Fort Yukon. Namwita Shitsuu, kama wajukuu zake. Nikamsomea ukurasa, akanikatiza kwenye kila k niliyoilegeza. "Tena." Nikarudia. "Tena." Koo likaniwasha. Neno moja la vadzaih, paa wa kaskazini wanaohama kwa makundi, lilimkumbusha nyama ya kukausha, na hapo tukaacha ukurasa kabisa. Nikaandika nilichoweza, majina ya vipande vya mnyama ambavyo kamusi niliyonayo haina. Mahsi' choo, asante sana, nikamwambia. Akasema kesho nimpigie mapema, kabla hajaenda kanisani.

Jioni nafungua barua pepe. Jamaa wa vikombe ameandika: chenye kahawa.