Leo nimepewa jina na Wajapani 😂

Jamani, tunaishi watu sita hosteli moja hapa Osaka, na friji ya jikoni inanuka tangu wiki iliyopita. Kila mtu anafungua, anakunja pua, anafunga, kimya.

Leo jioni tumekaa mezani uvumilivu ukanishinda nikasema oyaa si tuisafishe hii friji?

Kimya. Halafu yule dada mpole ambaye hata salamu anaitoa kwa kunong'ona akanisontea kidole: "Iidashippe!" Watu wakavunjika mbavu.

Kumbe ni msemo, kwamba aliyetoa wazo ndo anatangulia kulifanya. Ila asili yake sasa, "iidasu" ni kuanza kusema, hiyo "pe" ya mwisho inatokana na "he", yaani ushuzi 🤣🤣 Anayewahi kusema kunanuka ndo kajamba! Si ndo tulivyokuwa tunashtakiana utotoni?

Nilivyogeuka glavu za pinki zishawekwa mbele ya sahani yangu, zimekunjwa vizuriii, na sijui nani kaziweka.

Nimetoka kusugua saa hizi, mikono inanuka natto, yale maharage ya soya ya Kijapani yaliyochachushwa.

Haya, na nyie mlishaponzwa na wazo lenu wenyewe? Tiririkeni hapo chini 👇