Jirani alikuwa anaachia mbwa usiku kucha mtaani, hivi ndo nilivyolimaliza

Yani hii naiandika kwa ajili ya mtu ambaye sahivi ana jirani anayeachia mbwa, na kila akimwambia anajibiwa "huyo haumi huyo, anacheza tu". Mi nimeishi na hiyo hali huku Goba, Dar es Salaam, kwa muda mrefu sana na ikaisha, na haikuisha kwa ugomvi wala kwa sumu, iliisha kwa maandishi na kwa watu wa mtaa kukaa pamoja, ndo maana nataka nieleze nilivyofanya maana najua kuna watu wanateseka na wameshakata tamaa.

Jirani mwenyewe ni mtu mzima, mstaafu, nyumba nzuri, ukuta mrefu, geti la maana kabisa. Ana mbwa watatu, wawili wa kawaida na mmoja dume kubwa jekundu lina damu ya German Shepherd. Ikishafika usiku geti linafunguliwa, mbwa wanatoka, wanazunguka mtaa mzima mpaka asubuhi ndo wanarudi. Sasa sisi huku watoto wanaamka saa kumi usiku, basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu giza bado halijatoka vizuri, na akina mama wanaoenda kuchukua samaki Feri wanatoka hiyo hiyo mida, so kila mtu anayetafuta riziki mapema ni lazima akutane na hao mbwa. Binti yangu walimkimbiza mara nyingi tu, siku moja akaanguka kwenye kifusi goti likachubuka vibaya, na kuanzia hapo akawa hatoki getini mpaka nimshike mkono. Mtoto wa darasa la tatu anaiogopa barabara ya kwao mwenyewe. Hiyo iliniuma mno.

Nilianza kwa kwenda kwake. Sikwenda siku ya tukio nikiwa na hasira, nilisubiri Jumapili mchana, nikamsalimia shikamoo mzee, nikakaribishwa, tukaongea habari za maji na barabara kwanza halafu nikamwambia lililonileta. Akaniambia hao mbwa anawajua, hawana shida, mtu akiwaogopa ndo wanamfuata. Alafu akasema kitu ambacho watu wengi wenye mbwa husema, kwamba tangu aanze kuwaachia wezi wamepungua mtaani kwahiyo tungepaswa kumshukuru. Nikamjibu kwa heshima tu, mzee mbwa wa ulinzi analinda akiwa ndani ya ukuta wako, akiwa kule bondeni saa tisa usiku anachana viroba vya taka hapa kwako hakuna anayelinda. Akasema amenisikia. Wiki haikuisha wakawa nje tena.

Kitu kilichonisaidia sana ni kuongea na kijana wake wa kazi. Huyu ndo anayeishi na hao mbwa, mzee mwenyewe anasafiri sana. Kijana akaniambia ukweli bila kuficha, kwamba mbwa wanapewa chakula mara moja kwa siku, ugali na vichwa vya dagaa, hakiwatoshi wale watatu, na kwamba hata geti likifungwa pale chini kuna uwazi mvua imekula udongo, wanapita kwa tumbo. Banda hakuna. Chanjo? Tangu awakute hajawahi kuona mtu akija kuwachanja. Hapo nikaelewa kwamba hili sio swala la mbwa wakorofi, ni mbwa wenye njaa, wasio na pa kulala, na geti lenye tundu, na kwamba hata nikimtukana mzee kila siku hilo tundu litabaki pale pale. Kwahiyo kama una shida kama hii mtafute anayewalisha hao mbwa, msikilize, usimletee ubabe, yeye pia mara nyingi ameshachoka.

Nikanunua daftari. Kila tukio naandika tarehe, saa, mbwa yupi, kafanya nini, nani aliona, na kama kuna picha au vidio ya simu naandika ipo. Nikawaambia na majirani kwenye grupu letu la mtaa waniletee ya kwao, mama mmoja kuku wake waliliwa, dereva boda mmoja aliangushwa na dume lile likimrukia mguuni akiwa na abiria. Ukienda kwa kiongozi na maneno matupu utaambiwa mkayamalize wenyewe kama majirani, ila ukifungua daftari akaona matukio yamepangwa na majina ya mashahidi, anakaa vizuri kwenye kiti.

Hapa katikati kuna jirani mmoja alitoa wazo la kuweka sumu kwenye nyama. Nilikataa kabisa na nikamwambia mbele ya watu. Sumu haichagui, ataokota mtoto, atakula mbwa wa mtu mwingine aliyechanjwa na anayefungwa vizuri, watakula kuku. Na Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, huwezi kujichukulia tu mamlaka ya kuua mnyama wa mtu kwa mateso ya namna ile. Zaidi ya yote yule mbwa hana kosa, hakujifungulia geti. Kwakweli hili nalisema kwa uchungu kwasababu mitaa mingi ndo suluhisho la kwanza watu wanalofikiria na mwenye mbwa anabaki anadunda, mwezi ujao analeta wengine.

Tukaenda kwa mjumbe, mimi na mama wa kuku na yule dereva. Mjumbe akamuita mzee, mzee hakuja, akatuma salamu kwamba ana wageni. Mjumbe akatuandikia barua twende ofisi ya serikali ya mtaa. Kabla hata hatujapangiwa siku, mtoto wa kiume wa mama anayeuza mboga pale kona aling'atwa kwenye shavu la mguu, meno manne yanaonekana kabisa, damu inachuruzika mpaka kwenye ndala.

Watu wakaanza mambo yao, mmoja anasema paka mafuta ya taa, mwingine anasema chomeni manyoya ya mbwa muweke hapo. Nikasema hapana, nikampeleka bombani, nikamuosha na sabuni ya kufulia na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili nimeangalia kwenye simu, mtoto analia lakini nimemshikilia. Hili naomba kila mzazi alishike. Kichaa cha mbwa ni kirusi kinachokaa kwenye mate, kinaingia kwenye jeraha kinapanda taratibu na mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, inaweza kuchukua wiki au miezi mtu yuko mzima kabisa, ila dalili zikishaanza kama kuogopa maji na kuweweseka ni kifo, karibu hakuna anayepona. Lakini ukiosha vizuri na ukawahi chanjo kabla dalili hazijaanza unazuia kabisa. Duniani karibu watu wote wanaopata huu ugonjwa wameupata kwa mbwa, na watoto ndo wanaoumwa sana. Kwahiyo usisubiri uone kama jeraha litapona lenyewe, jeraha kupona hakuna maana yoyote hapo.

Hospitali swali la kwanza daktari aliuliza, huyo mbwa anafahamika na ana kadi ya chanjo? Nikampigia mzee simu pale pale. Hana kadi. Mtoto akaanzishiwa sindano siku ile ile, akapangiwa siku ya tatu, siku ya saba na nyingine baada ya hapo, na tukaambiwa mbwa asiuawe, afungwe aangaliwe siku 10, kwasababu mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate wakati anang'ata, ndani ya hizo siku ataumwa au atakufa. Hii watu wengi hawaijui, wanakimbilia kumpiga mawe mpaka afe na kumtupa, mnakuwa mmepoteza ushahidi wenyewe. Kutoka hospitali tukapita kituo cha polisi tukaripoti.

Nadhani hiyo simu ya kutoka hospitali ndo ilimgusa mzee. Kikao cha serikali ya mtaa alikuja. Mwenyekiti alimuita na afisa mifugo wa kata, na huyu afisa ndo mtu ambaye watu wanamsahau, wanadhani kazi yake ni ng'ombe tu, kumbe mbwa na chanjo ni eneo lake. Mimi niliongea kidogo sana, nikasoma daftari tu, tarehe na tukio, tarehe na tukio. Yule mama wa mboga akasimama akamwambia, "Baba, mi sina ukuta, sina geti, mwanangu analala na mimi kibanda kimoja, lakini kila asubuhi najua alipo. Wewe mbwa zako usiku unajua walipo?" Ofisi nzima ikanyamaza. Mzee akainama, akasema mama nisamehe.

Yakaandikwa makubaliano, tukasaini wote, nakala moja ikabaki ofisini. Mzee analipa gharama zote za sindano na nauli za mtoto mpaka dozi iishe. Mbwa wote watatu wachanjwe na kadi zije zionekane. Lijengwe banda. Chini ya geti pazibwe. Mbwa hatoki nje ya ukuta bila kamba na mtu mzima aliyemshika. Na akirudia hatuanzii kwa mjumbe tena, linaenda moja kwa moja mbele kama kesi. Hiki kipengele cha mwisho nililazimisha kiwepo, maana bila hicho makubaliano ni karatasi tu.

Dume lile lilifungwa siku zake 10 likawa zima, tukashusha pumzi. Nilienda siku fundi anamwaga zege pale chini ya geti, nikamsaidia kijana kubeba matofali ya banda, na nikamwambia mzee kabisa kwamba chakula waongezewe, pumba na mabaki ya buchani sio ghali. Alikubali. Sikutaka aone tumemshinda, nilitaka mbwa wakae ndani.

Mtoto alimaliza dozi yake. Afisa mifugo akatumia nafasi hiyo hiyo akaja kuchanja mbwa wa mtaa mzima, kuanzia wa miezi 3 kwenda juu, na kumbe kulikuwa na nyumba nyingi tu mbwa hawajawahi kuona sindano. Inatakiwa kila mwaka irudiwe, na wataalamu wanasema mkichanja asilimia 70 ya mbwa eneo lenu ugonjwa unakosa njia ya kusambaa.

Sahivi hali ni nzuri sio kwamba ni kamilifu. Mzee akisafiri kijana anaweza kujisahau akaingiza maji ya boza akaacha geti wazi, nina namba yake, nampigia, anafunga. Daftari bado ninalo, na tarehe za kadi zao za chanjo nimeziandika humo humo, zikikaribia namkumbusha mzee.