Mfupa ulivunjika, daktari hakuuona: fidia inalipia nini hasa

Wengi wanaotaka kudai huanza na maneno yaleyale: "Mfupa ulikuwa umevunjika, wao wakaniambia ni mteguko." Wanaamini hapo wameshamaliza kuthibitisha madai yao, kumbe ndio kwanza wameanza. Mfupa haukuvunjwa na hospitali. Ulivunjwa na ngazi, pikipiki au mpira, na hospitali haiwezi kuulipia. Inachoweza kudaiwa ni tofauti kati ya hali uliyo nayo leo na hali ambayo ungekuwa nayo kama mvunjiko ungegunduliwa siku uliyostahili kugunduliwa. Tofauti hiyo isipokuwepo, fidia nayo haipo, hata kama daktari alikosea waziwazi.

Chukua kidole kidogo cha mguu. Kikivunjika bila kuhama, kwa kawaida hufungwa pamoja na jirani yake, ukavaa kiatu cha soli ngumu na kumeza dawa ya maumivu. Aliyeambiwa ameteguka huenda alipewa hayohayo. Ubavu mmoja uliopata ufa nao hauna plasta wala skrubu. Madai ya namna hii yanaweza kuwa ya haki kabisa na bado yasifae kufunguliwa, kwa sababu ripoti za wataalamu zitagharimu kuliko kitakacholipwa. Wakili anayekuambia hivyo mapema amekusaidia.

Ipo mifupa ambayo kuchelewa kunaigeuza hatima yake. Skafoidi, ule mfupa mdogo wa kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hupata sehemu kubwa ya damu kupitia ncha ya mbali, yaani upande wa vidole. Ukivunjika katikati, kipande cha upande wa kiwiko huweza kukatiwa damu. Ukiachwa unacheza bila plasta, huenda usiunge, kipande kikafa, na baadaye kifundo kizima kikaanza kusagika. Shingo ya fupa la paja ni hatari zaidi: ufa usiohama unaweza kushikwa kwa skrubu, lakini mgonjwa akiruhusiwa kuukanyagia ukahama, mzee anaweza kuishia kubadilishiwa sehemu ya nyonga. Mivunjiko ya Lisfranc, ile ya viungo vya katikati ya unyayo, huweza kuonekana ya kawaida kwenye picha iliyopigwa mtu amelala, kisha nafasi kati ya mifupa inafunguka anaposimama. Kwa watoto kuna mvunjiko wa Monteggia: ulna, mmoja wa mifupa miwili kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, imevunjika na kila mtu anaiona, ila kichwa cha mfupa wa pili kimechomoka kwenye kiwiko na hakuna aliyetazama. Kikirudishwa mapema, mara nyingi huvutwa tu bila kupasua. Kikikaa miezi, upasuaji unakuwa mkubwa na matokeo hayana uhakika.

Kwa hiyo swali la kwanza la wakili mzuri si "walikosea?" bali "ni mfupa gani, na ulikaa muda gani?"

Kukosa kuona si lazima kuwe uzembe

Hapa ndipo hasira inapowapotosha watu. Skafoidi iliyovunjika inaweza isionekane kabisa kwenye picha ya siku ya kwanza. Daktari hahukumiwi kwa kutoona kisichoonekana. Anahukumiwa kwa alichofanya na shaka. Mgonjwa aliangukia kiganja, ana maumivu akibonyezwa kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, na picha ni safi: utaratibu unaokubalika ni kuufunga mkono kama uliovunjika na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14, au kupiga mapema picha za kina zaidi za MRI au CT. Aliyefanya hivyo na bado mfupa ukaharibika ana utetezi mzuri. Aliyemwambia mgonjwa "ni mteguko, nenda zako" bila kumpangia marudio hana.

Mahakama zinazofuata sheria yenye asili ya Uingereza hupima kwa kipimo cha kesi ya Bolam ya mwaka 1957: je, kundi la madaktari wenye ujuzi wa fani ileile lingekubali alichofanya? Kesi ya Bolitho ya mwaka 1997 iliongeza kwamba maoni ya kundi hilo lazima yahimili mantiki. Haitoshi wenzake kusimama na kusema hata wao hufanya hivyo. Mifumo mingine ya sheria ina maneno yake, lakini mzigo wa mdai haubadiliki sana.

Makosa yenyewe huja kwa sura kadhaa, na uzito wake haulingani. Kuna kutopiga picha kabisa. Kwa kifundo cha mguu kipimo chake kinajulikana, kanuni za Ottawa zilizotolewa mwaka 1992: kama mtu ana maumivu akibonyezwa kwenye sentimita 6 za chini za ukingo wa nyuma wa mojawapo ya vinundu vya mfupa vya pembeni mwa kifundo, au hawezi kutembea hatua 4, picha inahitajika. Kuna kupiga picha isiyofaa, mkao mmoja badala ya miwili inayokatana kwa pembe ya digrii 90, au kuishia katikati ya mfupa bila kuonyesha kiungo cha juu na cha chini. Kwenye shingo, picha isiyofika pale pingili ya mwisho ya shingo inapokutana na ya kwanza ya mgongo haijakamilika, basi. Kuna kusoma vibaya picha nzuri.

Halafu kuna aina ninayoiona kuwa na nguvu kuliko zote: daktari wa dharura alisema hakuna kitu, kesho yake mtaalamu wa mionzi akaandika "kuna mvunjiko", na ripoti ikabaki kwenye mfumo bila mtu kumpigia mgonjwa simu. Hapo hakuna ubishi wa kitaalamu juu ya kilichoonekana. Ndiyo maana saa ya picha na saa ya ripoti ni vitu viwili tofauti unavyopaswa kuvitafuta.

Kesi nyingi hufia kwenye kisababishi

Kesi ya Hotson, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1987, inafaa kusomwa na kila mdai. Mvulana wa miaka 13 alianguka mwaka 1977 akaumia nyonga. Hospitali haikugundua, akarudi nyumbani, na tatizo likaonekana siku 5 baadaye. Kichwa cha fupa la paja kikafa kwa kukosa damu. Hospitali ilikiri uzembe. Jaji wa kwanza akakuta kwamba hata angetibiwa siku ileile, uwezekano wa asilimia 75 ni kwamba mfupa ungekufa tu. Akampa robo ya fidia, pauni 11,500, kwa nafasi ya asilimia 25 aliyopoteza. Mahakama ya juu ikaifuta. Hoja yake: ikiwa kuna uwezekano mkubwa kuliko nusu kwamba anguko lenyewe ndilo lililoharibu mishipa ya damu, basi kisheria ndilo lililosababisha, na ucheleweshaji haukusababisha ulemavu. Kilichobaki ni pauni 150 kwa maumivu ya siku zile 5.

Unaona basi kwa nini barua ya madai isiyosema lolote zaidi ya "walichelewa" haina meno. Lazima mtaalamu aseme kwamba, kwa uwezekano unaozidi nusu, matibabu ya wakati yangeleta matokeo bora, na aseme bora kwa kiasi gani.

Nyaraka, na unavyoziomba

Omba kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Usiombe "faili langu" tu, maana utapewa muhtasari wa ruhusa na risiti. Taja kimoja kimoja: karatasi ya mapokezi ya dharura, maelezo ya daktari na ya wauguzi, fomu ya kuombea eksirei, ripoti ya mionzi pamoja na marekebisho yake, barua ya ruhusa, orodha ya miadi. Fomu ya kuombea eksirei watu huidharau, ilhali inaonyesha daktari alishuku nini na aliomba sehemu gani ipigwe. Akiomba picha ya goti kwa mtu aliyelalamikia nyonga, kosa limeshaandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Picha zenyewe ziombe katika mfumo wa DICOM, yaani faili halisi za kompyuta zinazotumiwa na hospitali, kwenye diski au kwa kiungo cha kupakulia. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta haimsaidii mtaalamu: hawezi kuongeza mwanga wala kukuza, na imepoteza taarifa za saa na mkao. Chukua pia picha za hospitali iliyougundua mvunjiko. Upande wa pili unaweza kudai kwamba uliumia upya katikati, na jibu liko kwenye umri wa mvunjiko. Mpya una kingo kali. Uliokaa wiki kadhaa huonyesha mfupa mchanga pembeni, na usiounga kwa muda mrefu kingo zake huwa butu na nyeupe.

Jambo hilo linahusu pia mdomo wako. Kila unachomwambia daktari kinaandikwa. "Niliteleza tena wiki iliyopita", likisemwa juujuu kwenye chumba cha fiziotherapia, linaweza kuwa nguzo ya utetezi. Sema ukweli, ila useme wote: uliteleza, hukuangukia mkono ule, na maumivu yalikuwapo tangu mwanzo.

Kisha tengeneza mfuatano wa matukio: tarehe na saa, nani alikuona, ulilalamikia nini, alipima nini, aliamua nini, na ukurasa wa nyaraka unaothibitisha. Acha hasira nje. Pale nyaraka zinapopingana na kumbukumbu yako, andika vyote viwili. Kama uliambiwa "rudi usipopata nafuu" na hukurudi kwa miezi minne, hilo nalo liandikwe, kwa sababu fidia inaweza kupunguzwa kwa sehemu ya madhara uliyochangia. Ukieleza mwenyewe sababu, kwa mfano kwamba uliambiwa mteguko huchukua muda kupona, linapungua makali. Likiibuliwa na wao, linaonekana limefichwa.

Wataalamu wawili, si mmoja

Daktari wa mifupa aliyekutibu baadaye ni shahidi wa alichokiona, lakini mara nyingi si mtu sahihi wa kusema kama mwenzake wa dharura alizembea. Swali la uzembe huulizwa mtu wa fani ya aliyekosea: bingwa wa dharura, au wa mionzi kama kosa lilikuwa kusoma picha. Swali la kisababishi na matarajio ya baadaye huenda kwa daktari wa mifupa asiyekuhudumia. Mtaalamu wa mionzi apewe picha ya kwanza kabla ya kuambiwa kilichogunduliwa baadaye. Ukishaonyeshwa ufa, huwezi tena kuuona kama mtu ambaye hajaonyeshwa, na wakili wa upande wa pili atauliza hilo mapema.

Hesabu ya pesa

Gawa hasara zako katika mafungu mawili: ambazo ungezipata hata kama mfupa ungeonekana mapema, na zilizoletwa na kuchelewa. Seremala mwenye skafoidi iliyovunjika angekaa kwenye plasta wiki 8 hadi 12 hivi kwa vyovyote. Mshahara wa wiki hizo haudaiwi. Kama alichelewa, mfupa haukuunga, akapandikiziwa mfupa kutoka kwenye nyonga na kukaa miezi 6 bila kazi, kinachodaiwa ni muda unaozidi ule wa kwanza, pamoja na upasuaji, maumivu yake, nauli za kliniki, fiziotherapia, na saa ambazo ndugu alimwogesha na kumpikia. Saa za ndugu watu husahau kuziandika, na nchi nyingi huzihesabu hata kama ndugu hakulipwa. Kubwa kuliko yote kwa seremala ni siku zijazo: mkono uliopoteza nguvu ya kushika, na kiungo kitakachosagika miaka mingi kabla ya wakati wake. Hapo risiti hazisaidii. Zinahitajika ripoti ya mtaalamu na uthibitisho wa kipato cha nyuma.

Muda na njia

Ukomo wa muda unaua madai mazuri kimyakimya. Uingereza ni miaka 3 kwa kawaida, tangu kuumia au tangu ulipojua au ulipopaswa kujua, na kwa mtoto huanza kuhesabiwa anapofikisha miaka 18. Kwingine ni mifupi zaidi, na hospitali ya serikali inaweza kuhitaji notisi ya maandishi kabla ya kesi. Muulize wakili tarehe ya mwisho katika kikao cha kwanza, kabla ya kuuliza utapata kiasi gani. Malalamiko kwa uongozi wa hospitali hayasimamishi saa hiyo. Wala malalamiko kwa baraza la madaktari, ambalo linaweza kumwadhibu daktari lakini kwa kawaida halikupi fidia. Hata hivyo malalamiko kwa hospitali yana faida: jibu lake la maandishi mara nyingi hukiri mambo ambayo utetezi ungeyabishia baadaye.

Si kila nchi inadai uthibitishe uzembe. New Zealand tangu mwaka 1974 ina mfuko wa umma unaolipia majeraha bila kumtafuta mkosaji, na bima ya wagonjwa ya Sweden huuliza kama dhara lingeweza kuepukika. Kisababishi lakini hakikwepeki hata huko.

Ofa ikija, hutangulia mfupa kupona, na huja na maneno "malipo kamili na ya mwisho". Usisaini kabla mtaalamu hajasema hali imetulia. Kama hatari ya kubadilishiwa kiungo baadaye bado haijulikani, mwambie wakili aulize kama sheria ya hapo inaruhusu fidia ya muda yenye haki ya kurudi mahakamani hali ikizidi. Isiporuhusu, gharama ya upasuaji huo wa baadaye iingizwe kwenye hesabu sasa, kwa uwiano wa uwezekano wake, kabla ya kutaja kiasi chochote kwa upande wa pili.