Nilivyomzungusha mama Dodoma siku nzima kwa elfu ishirini

Mama yangu anaishi Mpwapwa, mwezi wa tisa alikuja kwangu Nkuhungu kwa ajili ya macho. Tumehangaika na kliniki wiki nzima, miwani ikapatikana, na hela ndo ikaishia hapo. Ijumaa jioni amekaa barazani na miwani yake mpya anaangalia watu wanavyopita, akaniambia mwanangu mi Dodoma nakuja toka enzi hizo lakini ninachokijua ni stendi na hospitali tu. Iliniuma sana yani. Nikahesabu nilichonacho, nikatoa ya luku na ya gesi, ikabaki elfu ishirini. Nikamwambia kesho tunatoka.

Niliwahi kukosea hili jambo kabla. Rafiki yangu alikuja toka Mwanza nikakodi bajaji ya siku nzima, hela nyingi, na saa sita mchana tupo tunapanda Lion Rock. Jua la Dodoma saa sita ukiwa juu ya jiwe ni kitu kingine, mwenzangu kichwa kilimuuma mpaka usiku na hakuna alichofurahia. Kwaiyo safari hii nikapanga kwa kufuata jua: asubuhi miguu kwasababu katikati ya mji vitu vimekaribiana, mchana tukae kivulini tule, daladala ndefu iwe jioni. Maji nikayagandisha usiku kwenye chupa mbili, nikamfungia mama na kanga ya kujifunika maana mwezi wa tisa upepo wa huku unakuja na vumbi. Na hela nikaichenji yote iwe ya elfu elfu na mia tano tano, ukitoa noti kubwa kwa kila kitu hujui imeisha saa ngapi.

Saa moja na nusu tumeshashuka Sabasaba, nauli mia sita kila mmoja. Tukanywa chai ya maziwa na vitumbua, 2,600 wote wawili, tukaanza kutembea taratibu.

Stesheni ya zamani ndo ilimshika. Mi nilidhani tutapita dakika kumi, tukakaa karibu saa nzima. Reli hii ya kati Wajerumani waliifikisha Dodoma 1910, na mama alikuwa anaipandia Gulwe akiwa binti, anakuja na babu kuuza karanga. Alisimama akavua miwani, akaifuta na kanga, akavaa tena akaanza kunionesha kwa kidole, pale tulikuwa tunashushia magunia, pale babu yako alikuwa ananiambia kaa usiondoke. Nimeishi huu mji miaka sita nilikuwa sijui kama babu amewahi kufika pale.

Tukaenda Nyerere Square, kuna miti na sehemu za kukaa, sanamu ya Mwalimu ipo, hulipi kitu. Mama anakumbuka 1973 redio ilivyotangaza makao makuu yanahamia Dodoma, anasema watu kijijini walidhani ni mwaka ule ule. Nikamwambia mama hata kuitwa jiji ni 2018 tu, tarehe 26 mwezi wa nne siku ya Muungano. Akacheka sana. Kuna vijana wanapiga picha wanakusafishia hapo hapo, moja buku, nikatoa mbili. Hii wengine wataona ni kupoteza hela wakati simu unayo ila kwa mzazi nakushauri lipia, picha ya kwenye simu hawezi kuibandika ukutani.

Msikiti wa Gaddafi tuliuangalia kwa nje tu, ule uliojengwa kwa msaada wa Libya ukafunguliwa 2010, mnara wake unauona toka mbali. Jua likawa limeshakuwa kali tukakimbilia soko la Majengo.

Pale Majengo ndo nikajua faida ya kutembea na mtu mzima. Mi nikiulizia zabibu naambiwa elfu tatu kilo. Mama akamsalimia yule mama muuzaji, mbukwenyi, basi ikawa Kigogo mwanzo mwisho, mi nimesimama tu naelewa nusu nusu, zikaja kilo moja kwa 2,500 na kishada cha juu tumeongezewa. Mwezi wa nane na wa tisa ni msimu, zabibu za huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwaiyo ukija muda huo usinunue hotelini. Kwa mamantilie vile vile, ugali wa mtama na mlenda wa karanga, sahani elfu tatu, mama akaongezewa mlenda bila kuomba. Tukakaa pale kivulini mpaka saa tisa hakuna aliyetufukuza.

Saa tisa na nusu tukapanda daladala ya kwenda Nanenane, mama nikamuweka dirishani. Hapa ndo ujanja wenyewe, kwa mia sita unapita barabara ya Dar unaliona Bunge lote. Simu usitoe, majengo ya serikali sio ya kupiga picha ovyo, angalia kwa macho inatosha. Nikamwambia mama lile paa la duara wamelifanya kama msonge, ile nyumba ya asili ya mviringo. Akaliangalia mpaka likapotea akasema, sasa sisi Wagogo nyumba yetu si tembe, ile ya paa bapa la udongo? Kuna baba mmoja siti ya nyuma akadakia kweli kabisa mama, msonge sio wa kwetu, gari zima likaanza kubishana nyumba za asili mpaka konda akasahau kudai nauli akaja kutukumbuka tunashuka.

Pale stendi kuu ya Nanenane tulizunguka kidogo tu, akachukua ubuyu wa buku wa wajukuu, tukageuza na daladala mbili mpaka nyumbani jua linazama. Nyumbani nimepiga hesabu, nauli zote 4,800, jumla imetoka 18,900.

Picha moja ameondoka nayo Mpwapwa, ameibandika juu ya redio. Juzi kapiga simu anauliza treni ya mwendokasi kwenda Dar ni shilingi ngapi, nikamwambia ilipoanza 2024 daraja la kawaida lilikuwa 31,000, kanyamaza kidogo kasema basi karanga za mwaka huu haziuzwi zote kwa mkupuo.