Siku moja maishani mwangu: napima chumvi ya Mto Pangani

Nikiwaambia watu kazi yangu ni kupima maji ya mto wanadhani nachota chupa naondoka zangu, mwisho wa mwezi mshahara. Shemeji yangu aliwahi kuniuliza, kwani maji ya mto yanapimwa nini si yanapita tu? Nikakosa hata pa kuanzia. Ndo maana naandika hii, siku nzima ya juzi, mwisho wa Februari, kaskazi inavuma na jua halina huruma.

Saa 11 alfajiri. Chai ya haraka, niko stoo. Kabla ya kitu chochote naseti mita ya chumvi. Kuna chupa ndogo ya maji maalumu ya kujaribia, ukichovya mita kwenye joto la nyuzi 25 lazima isome 1,413 (ni mikrosimensi, kipimo cha maji yanavyopitisha umeme, chumvi ikizidi namba inapanda), isiposoma hivyo siondoki, maana ukizunguka mto mzima na mita inayodanganya bora ungelala. Juzi ilisoma 1,398, nikaosha kichwa chake, nikairudisha, nikaseti upya mpaka ikakaa sawa. Afu nahesabu chupa, naandika lebo, najaza barafu kwenye deli, nakunja kamba yangu yenye alama kila nusu mita. Na karatasi ya kujaa na kupwa kwa maji, hiyo haikosi mfukoni. Hiyo ndo inayonipangia siku, sio saa ya ofisini.

Juzi ilikuwa bamvua, zile siku bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida. Pwani yetu hii siku za bamvua bahari inajaa kama saa 10, alasiri na alfajiri, na kati ya kupwa na kujaa kunaweza kuwa na tofauti ya mita 3 na zaidi. Ukipanda mtoni inachelewa kidogo, kwa hiyo kule ninakopimia maji yanapwa kabisa saa 5 au 6 mchana, yanajaa saa 11 jioni. Lazima nipime yote mawili, pale pale, siku ile ile.

Saa 2 tunaondoka na boti, mimi na nahodha, kijiji cha Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani, tunakiacha mkono wa kushoto. Mpaka saa 6 tumeshamaliza vituo vyote vya maji kupwa, kila kituo maji ya juu, ya katikati, ya chini, andika, chupa kwenye barafu, songa.

Halafu kungoja. Hii sehemu hakuna anayeielewa. Masaa matano unangoja bahari ipande, huwezi kurudi mjini maana mafuta ya boti ni ya safari moja, kivuli ni mnazi mmoja, na minazi yenyewe ya karibu na maji mingine imebaki nguzo tu, vichwa vimekatika.

Kama saa 9 hivi nikasikia pampu inawashwa upande wa pili wa kichaka. Nikajua ni mzee wa nyanya. Nina miezi namkwepa huyu mzee, nasema ukweli, maana kila akiniona maneno ni yale yale, lakini juzi nikasema ngoja nikamsalimie.

Shikamoo mzee. Marahaba binti, umekuja tena na chupa zako? Nimekuja mzee. Akazima pampu kabisa, nikajua leo imekula kwangu. Akaanza, kila mwezi mnakuja na chupa tupu mnaondoka na maji yetu, chumvi mnatuachia hapa hapa, mahindi yangu mwaka juzi yameungua majani, maharage ndo nimeacha kabisa kupanda, sasa nyanya nazo zinaanza kukunja ncha, na wewe unaandika tu kwenye daftari, hilo daftari linaliwa? Nikanyamaza. Akasema na nyie wa serikali na mabwawa yenu ndo mmeileta hii chumvi. Nikamwambia mzee naomba nikae nikujibu moja moja, akaniwekea ndoo nikakaa.

Nikamwambia bwawa lenyewe haliweki chumvi ya bahari humu. Huu mto una kama kilomita 500, maji yanatoka Kilimanjaro na Meru, Kikuletwa na Ruvu zinaingia Nyumba ya Mungu, bwawa lilimalizika 1965, hapo ukanda mkubwa wa maji unakaa juani unapungua. Halafu mashamba ya umwagiliaji ndo yanakunywa sehemu kubwa kuliko mtu yeyote. Kinachobaki kinapita Korogwe, kinapita kwenye mitambo ya umeme ya Hale iliyojengwa 1964, kinazungusha ile ya Pangani ya megawati 68 ya mwaka 1995, ndo kinatufikia huku. Zamani mto ulikuwa na nguvu ya kuisukuma bahari, sa hizi kiangazi ukifika huku umechoka, bahari inaingia bila kubisha hodi.

Akanitazama. Akasema, na ile chumvi ya mlimani je, mwanangu yuko kule anasema maji yana magadi yanaharibu meno. Hapo nikafurahi kweli yani, maana hilo swali wasomi wengi hawaliulizi. Nikamwambia ni kweli mzee, Kikuletwa inateremka kwenye miamba ya volkano ya Meru, inabeba magadi na floraidi, hiyo ya meno ni floraidi. Kwa hiyo mto huu una chumvi mbili, ya juu na ya chini, na mita yangu inazisoma zote kwa pamoja haizitenganishi, ndo maana nabeba chupa, nikifika maabara najua ipi ni ipi.

Basi akainama akachota maji kwa kiganja, akanywa. Matamu haya! Mashine yako mbovu.

Nikamwambia twende kwenye boti.

Kifaa cha kuchotea chini ni kama bomba lenye vifuniko pande mbili vimeachwa wazi. Unakiteremsha kwa kamba mpaka karibu na tope, afu unaachia kipande cha shaba kinateleza kwenye kamba, unakisikia mkononi kikigonga, tk, vifuniko vinajifunga. Nikavuta, nikamimina kikombeni, nikampa. Akatia mdomoni akatema mtoni. Akanyamaza kidogo, akaomba tena, akatema tena.

Nikachovya mita mbele yake. Ya juu 900 na kitu. Ya chini 4,100. Chumvi ni nzito mzee, inatambaa chini, maji baridi yasiyo na chumvi yanapanda juu yake. Na leo bamvua inayakoroga, siku za maji mafu, zile bahari inapanda na kushuka kidogo tu, tofauti ya juu na chini inakuwa kubwa zaidi. Nyanya ukimwagilia maji yanayozidi 1,700 zinaanza kupunguza mazao, mahindi 1,100, maharage 700 tu tayari yanalalamika.

Akaniuliza polepole, mpira wangu wa pampu uko wapi?

Tukaenda kuuangalia wote. Mdomo wa mpira alikuwa ameufunga jiwe ili usielee. Uko chini kabisa, kwenye tope, na anawasha saa 9 mpaka saa 12 jioni, masaa yale yale bahari inapanda. Sikusema kitu, mzee mwenyewe alivua kandambili akaingia majini akalitoa jiwe. Nahodha akaleta dumu la lita 5 tupu, tukaufunga mpira chini yake kidogo ukaning'inia kama futi moja na nusu kutoka juu. Nikamwambia na muda ubadilishe, vuta maji yakipwa. Akakataa, nani anamwagilia saa 6 mchana, nyanya zitaungua jua. Tukabishana hapo. Mwisho akakumbuka ana shimo alilolitandika turubai kuvunia mvua, atavuta mchana ajaze shimo, jioni amwagilie kwa ndoo. Yake mwenyewe hiyo, sikuwa nimeifikiria.

Baada ya hapo muda sijui ulienda vipi. Maji yalijaa, tukapima vituo vyote upya, mikono imechubuka na kamba, mgongo unauma, cha mwisho tumepima kwa tochi ya simu. Kituo cha juu kabisa, kile cha mbali zaidi na bahari, ambacho mchana kilikuwa safi, maji yake ya chini yalikuwa na chumvi. Nikarudia mara tatu kuhakikisha.

Maabara usiku niko peke yangu. Chupa za kupima vijidudu naanza nazo maana hazingoji. Halafu kloridi ya chumvi, hii naipenda, unadondoshea dawa ya fedha tone kwa tone, maji ni ya njano kama limau, unazungusha, bado njano, tone, bado, tone, ghafla inageuka wekundu wa tofali na hairudi. Sampuli ya kituo cha juu ilikula matone mengi, yaani kloridi ni nyingi. Ni bahari ile, sio mlima.

Saa 4 usiku simu inaita namba nisiyoijua, kumbe mzee, kaomba namba kwa nahodha. Hana salamu ndefu. Binti, kesho maji yanapwa saa ngapi?

Nikatoa karatasi mfukoni, ilikuwa imelowa lakini inasomeka. Nikamwambia kesho inasogea kama dakika 50, washa saa 6 na nusu, saa 8 na nusu uzime.